Ujumbe "utatumwa" au "utatumiwa"?

Msomaji anayesimamia seva ya Linux katika ofisi moja ya Kijitonyama, Dar es Salaam, ameandika katika mwongozo wa wenzake: "Seva itakapozimwa, ujumbe utatumiwa kwa watumiaji wote kupitia terminali zao." Mwenzake anasisitiza kuwa ni "utatumwa". Nani amepatia?

Ndugu msomaji, mwenzako amepatia. Kauli ya kutendwa ya tuma ni tumwa, na kiima chake ni kile kinachopelekwa: ujumbe utatumwa. Tumiwa ni kauli ya kutendewa, ambayo kiima chake ni mpokeaji: watumiaji watatumiwa ujumbe. Sentensi yako imechukua kiima cha kauli moja na kitenzi cha nyingine, na kwa kuwa tumia ina pia maana ya kufanyia kazi, msomaji anaweza kudhani kuwa ujumbe wenyewe utafanyiwa kazi na watu hao.

Uwe mwangalifu pia na mtumaji na mtumiaji, ambao hutenganishwa na herufi moja tu. Amri ya wall, inayotangaza ujumbe kwa watumiaji wote walioingia kwenye seva, hutanguliza kichwa chenye jina la aliyeituma, naye ni mtumaji, ingawa kwa seva ni mtumiaji kama wengine. Ukitafsiri kichwa hicho, andika "Tangazo kutoka kwa" kisha jina, na utata utakuwa umekwisha.

Neno "kupitia" nalo silipendi hapa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, terminali, yaani skrini au dirisha la kuandikia amri, huonekana kama faili, kwa mfano /dev/pts/3, na programu huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo, iifungue, iandike maneno ndani yake, kisha iifunge. Basi ujumbe hutumwa kwa mtu, lakini huandikwa kwenye terminali. Maombi hayo kwa kerneli ningeyaita miito ya mfumo. Nachagua mwito badala ya wito kwa sababu wingi wake, miito, ni mwepesi, na hapa wingi unahitajika kila mara.

Mwisho, "itakapozimwa" inachelewesha onyo hadi wakati wa kuzima, ilhali mtu anahitaji nafasi ya kuhifadhi kazi yake. Ningeandika: "Kabla ya seva kuzimwa, watumiaji wote watatumiwa ujumbe, nao utaandikwa kwenye terminali zao."