Usimfungie mtoto wa mbwa usiku wa kwanza

Bobi aliletwa kwetu Tabata akiwa na wiki 8, ndani ya boksi la sabuni. Nilikuwa nimeshajiandaa. Fundi seremala wa mtaani alinitengenezea kizimba cha mbao na wavu wa kuku, kikubwa kweli, nikidhani namtendea wema. Usiku huohuo nikamtia ndani, nikafunga komeo, nikazima taa. Alilia mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi jirani hakusema neno, alinitazama tu.

Fikiria: tangu azaliwe alikuwa analala katikati ya ndugu zake, leo kafungiwa peke yake mahali asipopajua. Basi nikaanza upya. Nilirudi kwa mwenye mama yake nikaomba kanga yangu kuukuu ilaliwe na mama siku mbili ishike harufu yake, nikaja kumtandikia. Siku nne mlango haukufungwa kabisa. Chakula nilimwekea kwanza pale mlangoni, halafu ndani kidogo, halafu mwisho kabisa. Alipozoea kuingia mwenyewe ndipo nikaanza kufunga anapokula, na kufungua kabla hajamaliza. Dakika moja, tano, nusu saa. Kila akitulia, dagaa mkavu mmoja.

Ukubwa nao ulinitesa. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini ukimpa uwanja atalala kona hii na kujisaidia kona ile. Fundi akaweka ubao wa kugawa, Bobi akabaki na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, na ubao tukawa tunausogeza anavyokua. Wavu wa kuku aliutafuna ndani ya wiki, ncha zikatokeza. Weka wavu wa waya mnene uliochomelewa. Mkanda wa shingoni mvue kabla ya kumfungia, unaweza kunasa.

Usiku kizimba kiweke karibu na kitanda chako. Kwa makadirio, mtoto wa mbwa hubana mkojo saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wa miezi miwili utaamka tu, hakuna ujanja. Mtoe, mpeleke palepale pa siku zote, asicheze, mrudishe. Akiwa ametoka kukojoa na bado analia, ngoja anyamaze hata sekunde chache ndipo ufungue, la sivyo atajua kilio ndiyo ufunguo.

Shemeji yangu alimsukumia ndani kwa hasira baada ya kutafuniwa ndala. Siku mbili Bobi hakukisogelea kizimba, nikarudia habari ya dagaa upya. (Ndala nililipa mimi.)

Mchana kwa joto la Dar usikiweke chini ya bati wala juani. Kaa mwenyewe hapo robo saa uone. Na ukienda kazini lazima awepo wa kumtoa kila baada ya saa mbili. Kwangu ni dada wa kazi. Nyumba isiyo na mtu kutwa nzima, mimi ningesubiri kwanza kufuga. Amtoe uani tu, si barabarani, mpaka chanjo zikamilike, maana parvo, ugonjwa wa virusi, huua watoto wa mbwa haraka.

Sasa Bobi ana miezi 7. Mlango wa kizimba niliung'oa mwezi uliopita, lakini spika za sherehe zikianza kwa jirani, yule mbwa huingia humo mwenyewe, akajikunja juu ya kanga ya mama yake.