Simamisha hiyo grafu kwanza, mkuu

Mkuu simama hapo hapo. Unasema una grafu za Kiingereza za Google Ngram, ile zana inayoonesha neno limetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka, maneno ya kisayansi yanapanda karne yote ya 20, ya dini na hisia yanashuka, kwa hiyo sayansi ndo imebadili jamii na unaiweka kwenye tasnifu. Usiiweke. Hiyo sura niliiandika mimi, nzima, na grafu zangu za rangi, ikarudi imepigwa kalamu kuanzia kichwa cha habari.

Iko hivi, ile asilimia ni neno lako gawanya kwa maneno yote ya mwaka ule kwenye mkusanyo wa vitabu vya Google. Sasa vitabu vyenyewe vilitoka wapi? Vingi ni vya maktaba za vyuo vikuu, zaidi ya 40, na kadiri karne ya 20 inavyosogea mkusanyo unajaa maandishi ya kitaalamu, kwa hiyo "love" inaweza ikawa inaandikwa vilevile kama zamani na mstari ukashuka tu kwa sababu huko chini unakogawanyia pameshajaa watu wa maabara. Watafiti Pechenick na wenzake walilionesha hili 2015, tena wakakuta hata mkusanyo wa hadithi wa toleo la kwanza umechafuka hivyo hivyo, wa toleo la pili ndo una afadhali. Mimi msomaji wa nje, yule mtahini wa tasnifu, aliniuliza swali moja tu, umejaribu kwenye hadithi peke yake? Nikajaribu. Mteremko wangu wa imani ukalala kama barabara, na sura nzima ilikuwa imeegemea pale.

Aliyenipoteza ni mkufunzi mmoja wa semina, eti data ikiwa nyingi makosa yanafutana yenyewe. Bana! Yanayofutana ni yale ya kubahatisha, huku na huku. Kosa linaloelemea upande mmoja hata uliongezee vitabu milioni 5 halifutiki, linazidi kujiamini tu, kama yeye. Slaidi zake zilikuwa nzuri lakini, hilo nampa.

Na ushawishi wa kitabu ndo hauonekani kabisa. Kitabu kilichosomwa na nusu ya dunia na kilichosomwa na mwandishi na mkewe, kila kimoja kinaingia mara moja. Usinifanye nianze na kabla ya 1800, mashine inasoma ile s ndefu ya chapa za zamani (ſ) kuwa f, "best" inakuwa "beft", na kuna tusi moja lilionekana kupendwa sana na wazee wa zamani kumbe masikini walikuwa wanaandika habari za kunyonya, "suck".

Kwa hiyo fungua usome, mkuu. Chini ya grafu kuna viungo vya miaka, ingia, soma kurasa 50 za pale mstari unapoanzia na 50 za unapoishia, uone nani anaongea. Ukikuta mwanzo ni wahubiri na mwisho ni wahandisi ujue waliobadilika ni waandishi walioingizwa, jamii bado hujaigusa. Nimesema usome, sio kupekua.

Uliuliza pia kulainisha mstari, yaani kila mwaka kuchukua wastani wake na wa miaka jirani, yenyewe inakuja na 3, weka 0 uone unavyoruka. Programu ya kuchorea grafu wadau wengine watakwambia. We tutajie hapa mkusanyo gani na toleo gani umetumia, grafu usitutumie.