Kiyoyozi kinadondosha maji na baridi imepungua: je, gesi imeisha?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 chumbani, kina miaka mitatu. Siku hizi hewa inatoka kidogo, baridi ni hafifu, na maji yanachuruzika ukutani, hasa nikishakizima. Fundi wangu amekiongeza gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja na sasa anataka kuongeza tena. Je, gesi inaisha kwa kutumika? Na usafi upi naweza kufanya mwenyewe?

Jibu: Gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na kiasi kilichotiwa siku ya kwanza kinatosha maisha yote ya mashine. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayeongeza bila kutafuta panapovuja amekuuzia gesi itakayotoroka tena. Ila kwa dalili zako, nina shaka kama ilipungua hata hiyo mara ya kwanza.

Maji yanayodondoka mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kawaida yanatokana na mpira wa kutolea maji ulioziba. Yanayomwagika baada ya kuzima mara nyingi ni barafu inayoyeyuka. Vumbi likiziba chujio na koili ya ndani (mabomba yenye vibati yanayopoza hewa), hewa ya chumba haipiti vya kutosha kuipasha koili. Joto lake linashuka chini ya nyuzi 0, unyevu unaganda juu yake, na barafu hiyo inazidi kuzuia hewa. Ukizima, inayeyuka kwa mkupuo na maji yanapita nje ya trei inayoyakinga chini ya koili.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Koili isiyopata hewa hushusha presha upande wa bomba nene, na geji, yaani kipimo cha presha, inasoma chini, sawasawa na mashine iliyopungukiwa gesi. Fundi anayetazama geji peke yake ataongeza gesi juu ya uchafu. Kwa hiyo usikubali geji ifungwe kabla ya usafi.

Zima kwa swichi kuu, si kwa rimoti tu. Fungua kifuniko cha mbele, toa chujio, zioshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, ukiyapitisha kutoka upande msafi kwenda wenye vumbi ili uchafu usijikite kwenye matundu. Zianike kivulini, kwa sababu jua kali hupinda fremu za plastiki na chujio likipinda halikai sawa tena.

Sasa mulika koili kwa tochi. Ukiona utando wa kijivu kati ya vibati vya alumini, chujio pekee halitatosha. Funika sehemu ya umeme, ambayo mara nyingi iko upande wa kulia, kwa nailoni na utepe wa gundi. Piga brashi laini kutoka juu kwenda chini, kufuata vibati vilivyosimama, kamwe usipige kwa kukata. Vinapinda kama karatasi na kila kilicholala kinaziba njia ya hewa. Nyunyizia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya koili za viyoyozi, au maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, subiri dakika 10, kisha suuza kwa lita moja au mbili za maji safi ukitumia bomba la mkono la kunyunyizia. Nenda polepole ili trei iweze kuyatoa. Dawa za klorini ziache kabisa, zinakula shaba na alumini.

Maji hayo ya kusuuza yatakupimia pia mpira. Mtu asimame nje aangalie: yanatakiwa yatoke mfululizo. Yakitoka kwa kusitasita, kuna ute umejijenga ndani. Uvute kwa mashine ya kufyonza inayokubali maji, kutoka ncha ya nje. Kupuliza kwa upepo wa kompresa kutoka nje kunarudisha uchafu kwenye trei na huweza kuchomoa maungio ndani ya ukuta. Kisha mimina kikombe kimoja cha siki kwenye trei, acha nusu saa, suuza. Mpira wenyewe ushuke walau sentimita 1 kwa kila mita, usiwe na tumbo katikati, na ncha yake isizame kwenye ndoo.

Feni ya ndani, ile ndefu ya mviringo, ndiyo husahauliwa. Vumbi likijaa kwenye mapanga yake haikamati hewa hata ikizunguka kwa kasi. Kama baada ya usafi hewa bado ni kidogo, kosa liko hapo. Kuiosha vizuri kunahitaji mfuko wa kukingia maji na pampu, mpe fundi.

Mashine ya nje ioshe kwa mpira wa bustani, maji ya nguvu ndogo, umeme ukiwa umekatwa. Usitumie pampu ya kuoshea magari. Wala usifungue kifuniko cha umeme: kapasita hubaki na chaji hata umeme ukizimwa.

Vikikauka, washa kwenye nyuzi 18, feni kasi ya juu, kwa dakika 15. Pima joto la hewa inapoingilia juu na inapotokea chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Chumba chenye unyevu mwingi kinaweza kuwa chini kidogo ya hapo. Ikiwa ni 4 au 5, na barafu inaanzia kwenye bomba jembamba huku sehemu kubwa ya koili ikiwa kavu, hapo kweli gesi imepungua. Fundi atafute panapovuja kwa kujaza naitrojeni mabombani na kupaka povu la sabuni, akianzia kwenye nati za maungio, azibe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo atie gesi kwa mizani kulingana na kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Kama gesi ya mashine yako ni aina ya R-32, inaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na sigara wala moto karibu.

Na hata kama baridi itarudi yenyewe, kazi ya fundi haijaisha. Kama gesi ya zile mara mbili iliongezwa juu ya koili chafu, huenda sasa imezidi: presha inapanda, kompresa, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, inavuta umeme mwingi na kuchemka. Mwambie aitoe yote aihifadhi kwenye mtungi, kisha atie upya kwa kuipima kwa mizani.

Baada ya hapo, chujio kila wiki mbili ukikitumia kila siku, koili na mpira kila miezi mitatu au minne. Kabla ya kuzima, kiache kwenye feni tupu dakika 20 koili ikauke. Harufu ya ukungu itapungua sana.