Vibeti vya kubana: fremu kwanza, kitambaa baadaye

Shosho yangu alikuwa na kibeti kidogo cheusi cha ngozi, vile vya mdomo wa chuma wenye vichwa viwili vinapishana halafu vinabana tap! Hiyo sauti ndiyo ilikuwa inatuambia sisi wajukuu kuna shilingi inakuja. Kibeti chenyewe sijui kilienda wapi alipotuacha lakini ile tap haijawahi kunitoka kwa masikio. Miaka kadhaa baadaye niko Gikomba, soko la mitumba Nairobi, natafuta sweta ya mtoto nikaona kingine karibu sawa na kile, bitana imeraruka na hakuna mtu anakitaka, nikakinunua kwa bei ya chai na mandazi.

Nilipofika nyumbani nikakipasua, juu nilitaka kujua vile kitambaa kimeshika kwa chuma na hakuna mshono unaonekana popote. Ndani ya kamfereji ka fremu, yaani huo mdomo wa chuma, nikapata gundi iliyokauka na kamba ya karatasi, karatasi tu imesokotwa nyembamba, imesukumwa kati ya bitana na chuma. Hiyo kamba ilinifundisha nusu ya hii kazi ya kushona vibeti. Ile nusu ingine nimefundishwa na makosa, na ndiyo nataka kuwapatia hapa ili nyinyi msipoteze kitambaa kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza kuna wale wanauliza nani anabeba sarafu siku hizi na M-Pesa tunayo tangu 2007. Mimi nabeba! Choo cha town, chenji ya matatu, dhania ya kumi kwa mama mboga, sadaka ya watoto Jumapili. Sarafu za 5, 10 na 20 zikizama chini ya hendibegi unasimamisha watu nyuma yako ukitafuta kwa vidole, na kakibeti kenye kanafunguka kwa mkono mmoja kanamaliza hiyo shida kabisa.

Sasa kosa lenye naona kwa karibu kila mtu anayeanza. Anaona pateni, ule mchoro wa kukatia kitambaa, kwa intaneti, anaipenda, anakata kitambaa, anashona vizuri sana, halafu ndio anatoka kwenda kutafuta fremu. Inakataa. Kitambaa kinaweza kuongezwa na kupunguzwa lakini chuma ni chuma, kwa hivyo nunua fremu kwanza, ilete nyumbani, halafu uchore pateni ya hiyo fremu yenyewe. Za upana wa sentimita 8.5, 10.5 na 12.5 ndizo utakutana nazo sana, lakini hata mbili zenye zote zinaitwa 8.5 utapata moja kona zake ni za mviringo kabisa na ingine ni za mraba, na mikono ya kushuka hadi kwa bawaba inatofautiana, kwa hivyo pateni ya moja haiingii kwa ingine.

Mimi huanzia kwa maduka ya vifaa vya kushona kule Biashara Street, nikikosa najaribu Eastleigh, na zikikosekana kote naagiza mtandaoni nangoja. Ukiwa dukani usione haya, fungua na ufunge hiyo fremu mara kumi pale pale kwa kaunta. Angalia mikono miwili ikifunga inalingana ama mmoja umepita mwingine. Ingiza ukucha kwa kamfereji upitishe kutoka mwisho hadi mwisho usikie kama kuna mahali pameminywa. Vichwa vikiwa vigumu kidogo si shida, vitalegea na kazi, lakini vikiwa vimelegea tangu dukani wachana nayo.

Na uliza kibeti ni cha kubeba nini. Kadi ya benki ina urefu wa sentimita 8.56 na upana wa 5.4, haya piga hesabu: kwa fremu ya 8.5 hiyo kadi haiwezi kulala. Inaweza kusimama, lakini hapo lazima kibeti kiwe na kina cha kuitosha. Nilishonea dada mmoja wa ofisi kibeti cha 8.5 chenye kina cha sentimita 7, kizuri sana, akaweka kadi imesimama na mdomo ukakataa kufunga. Nilimrudishia pesa zake. Tangu hiyo siku mtu akisema kadi, namwambia 10.5 kwenda juu.

Pateni sasa, na hapa msiwe na haraka. Laza fremu ikiwa imefungwa juu ya karatasi, chora na penseli ukizunguka nje yake kuanzia bawaba ya kushoto, upite juu, hadi bawaba ya kulia. Weka alama kwa bawaba zote mbili, hizo alama ni muhimu kuliko kitu chochote kwa hiyo karatasi. Tafuta pia katikati kwa juu uweke alama. Kutoka kwa bawaba shusha mistari ya pembeni ikitoka nje kidogo, sentimita moja ama moja na nusu kila upande, usishushe wima, maana kibeti kitakuwa kimebana hakina tumbo na mkono hautaingia. Halafu funga chini, mviringo ama mraba vile unapenda. Ukitaka kikae chenyewe mezani, kata mraba wa sentimita 1.5 kwa kila kona ya chini ukipima kutoka kwa mstari wa mshono, ukishazishona hizo kona unapata kitako cha sentimita 3.

Halafu chukua uzi. Pitisha ndani ya kamfereji kutoka bawaba moja hadi ingine, kata, upime. Huo urefu ulinganishe na ukingo wa juu wa pateni yako kutoka alama hadi alama. Mimi huacha karatasi iwe ndefu kwa milimita tatu hivi maana kitambaa hujikunja kikiingia, lakini ikizidi hapo utaona mikunjo kwa kona, na ikipungua utafika kwa bawaba kitambaa kimeisha na tundu limebaki, na hilo tundu ndilo shilingi moja hutokea. Ongeza milimita 7 za mshono kuzunguka yote. Kisha kabla hujagusa kitambaa chako cha maana, shona kimoja na shuka kuukuu ukijaribu kwa fremu bila gundi. Ni kazi ya nusu saa. Kila wakati nimeiruka nimejuta.

Kitambaa chenyewe hakihitaji kuwa kingi na hapo ndio uzuri wa hii kazi, fundi yeyote wa nguo za harusi ana gunia la vipande vya kitenge na ukimwomba vizuri atakuchagulia. Lakini mimi mapenzi yangu ni leso. Leso ina pindo la kuzunguka, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno yake, na kibeti kimoja kinaweza kubeba zote tatu ukikata kwa akili: mji mbele, pindo likapita chini. Kwa jina herufi ni kubwa, sentensi nzima haiingii, kwa hivyo chagua neno moja. Niliwahi kupata leso imeandikwa HABA NA HABA HUJAZA KIBABA, nikakata HABA ikawa mbele na KIBABA ikawa nyuma, na mama mmoja wa Likoni kule Mombasa anayeishi South B alikigeuza mara moja tu akamalizia methali yote kwa sauti hapo kwa meza yangu. Sikuwa nimemwambia kitu. Hicho sikukiuza, nilimpatia.

Leso mpya ifue kwanza, ina wanga na itapungua kidogo, na kama itatoa rangi heri itoe kwa beseni kuliko kwa mkono wa mteja. Pia ni nyepesi, haiwezi kusimama peke yake, kwa hivyo bandika kwa nyuma kile kitambaa kigumu cha pasi kinachowekwa kwa kola za shati. Lakini kikate bila ile nafasi ya mshono! Ukikiacha kifike ukingoni, pale juu utakuwa na tabaka nyingi sana na kamfereji hakatakubali. Ukitaka kinene na laini mkononi weka flisi ya koti la mitumba katikati, nayo iishie nusu sentimita chini ya pale chuma kitafika, na pasi iwe ya moto mdogo maana flisi huyeyuka. Jinzi wachaneni nayo mwanzoni.

Kushona kwenyewe ni kwepesi. Sindano namba 14, uzi wa polista, mshono wa milimita 2 ama 2.5. Nje shona kivyake, bitana kivyake, pembeni uishie kwa alama ya bawaba na urudishe mshono hapo mara mbili. Ingiza moja ndani ya ingine pande nzuri zikiangaliana, shona kuzunguka juu ukiacha sentimita 4 za kugeuzia, chanja kidogo pale kwa bawaba bila kugusa mshono, geuza, piga pasi, halafu pitisha mshono wa juu karibu kabisa na ukingo. Huo mshono unaziba ile nafasi na pia unafanya ukingo uwe bapa, utateleza kwa kamfereji vizuri.

Sasa gundi, na hapa nitawaambia kitu kilichoniuma sana. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa vibeti 25 vya chama kimoja, vya kupeana zawadi mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimechelewa nikatumia supaglu ndio nimalize usiku huo huo. Ilikauka kabla sijanyoosha kitambaa, ikaacha madoa meupe kwa kitenge, na ile iligusa pamba ilipata moto hadi nikashtuka, nilikuja kujua baadaye supaglu na pamba hufanya hivo na inaweza kukuchoma kidole. Vilionekana sawa nikapeleka. Kabla Januari haijaisha simu zikaanza, juu hiyo gundi ikikauka inakuwa kama kioo, kibeti kinafunguliwa na kufungwa kutwa, inapasuka, chuma kinabaki mkononi na kitambaa kimeanguka na pesa.

Tafuta gundi isiyo na rangi, iliyoandikwa inashika chuma na kitambaa pamoja, na ikikauka inabaki inapinda. Ile ya manjano ya mafundi wa viatu inashika lakini inapita kwa kitambaa chepesi na doa lake halitoki. Nunua sirinji bila sindano kwa duka la dawa, jaza gundi, pitisha mstari mwembamba ndani ya kamfereji, mwembamba kweli, na ingine kidogo kwa ukingo wa kitambaa. Ngoja dakika chache ianze kunata. Halafu katikati kwanza, alama kwa alama, kisha kona, na bawaba za mwisho, ukisukuma na bisibisi bapa ndogo. Usianze upande mmoja ukaelekea mwingine, kitambaa kitakuwa kinasongea na utamaliza kimepinda. Maliza nusu moja ya fremu, uache nusu saa, ndio uanze ya pili.

Kamba ya karatasi inaingia wakati gundi bado mbichi, kwa ile nafasi ya ndani kati ya bitana na chuma. Kama fremu haikuja nayo, kata karatasi ya khaki iwe ukanda wa sentimita 2, ilowanishe kidogo, isokote, iache ikauke kabisa. Urefu wake uwe mfupi kuliko fremu kwa milimita chache kila mwisho ndio isizuie bawaba. Ikiwa nene ifungue uipunguze. Kazi yake ni kukaza, gundi peke yake haitoshi. Mwisho bana kidogo na koleo karibu na bawaba tu, ukiweka kipande cha kitambaa katikati ndio usikwaruze rangi. Kiache mdomo wazi masaa 24, na Julai vile Nairobi huwa na baridi mimi naacha siku mbili, hata mteja akipiga simu.

Ukiogopa gundi kuna fremu za matundu, unashona kwa mkono na uzi wa mara mbili, na kila tundu ukiweka ushanga mmoja mdogo uzi unafichika na kibeti kinapendeza sana. Ni jioni nzima kwa kibeti kimoja, bei iseme hivo.

Kikilegea pia usikitupe. Chomoa kamba na sindano, kwangua gundi yote ya zamani hadi uone chuma, weka gundi mpya na kamba mpya, hata kitambaa huhitaji kubadilisha. Vile vya chama vilivyorudi nilivirekebisha hivo, kimoja kimoja, kwa gharama yangu. Kati ya 25 vilirudi 19. Sita bado viko huko nje, na yeyote mwenye navyo akisoma hapa akilete hata kama mdomo umeshapotea, nitamtafutia fremu ingine na simlipishi kitu.