Sare ya Varna: kwa mnaoanza mashindano ya sataranji

Naona wengi wenu mkipitia michezo ya mabingwa mnaruka iliyoisha sare. Huu msiuruke: Botvinnik wa Muungano wa Kisovieti dhidi ya Fischer wa Marekani, Olimpiadi ya sataranji ya Varna, Bulgaria, 1962.

Botvinnik, bingwa wa dunia mwenye miaka 51, alicheza weupe na alikuwa ameuandaa ufunguzi huo nyumbani. Fischer alikuwa na miaka 19. Katika hatua ya 17, malkia wake akala askari wa f4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), mahali ambapo askofu wa weupe angeweza kumla. Lakini askofu akimla, farasi mweusi anamla malkia wa weupe pale c5. Maandalizi yote ya bingwa yakaporomoka, na baadaye akabaki nyuma kwa askari mmoja katika mwisho wa ngome kwa ngome, yaani kila upande umebaki na mfalme, ngome moja na askari tu.

Mchezo ukaahirishwa. Usiku ule Wasovieti walichambua, na Geller, mchezaji mwenzake Botvinnik, ndiye aliyeliona wazo la kuuokoa: askari mweupe wa a4 asilindwe. Ngome iende f7, ikamle askari wa h7. Hapa ndipo ningependa mkae muda mrefu. Mchezaji mgeni aliyezidiwa hung'ang'ania kila askari aliyebaki, na ngome yake hugeuka mlinzi asiyeondoka mlangoni. Ngome ya Botvinnik ilitembea, ikashambulia, ikampa mfalme mweusi shaha.

Fischer naye, katika hatua ya 51, akamsukuma askari wa b haraka mno. Botvinnik akajibu kwa kumsukuma askari wake hadi h5! Askari wa g wa Fischer akavutwa pembeni, ngome ikatoa shaha pale g5 na kumla askari wa b5. Sare ikaja hatua ya 68.

Fischer aliendelea kudai kwamba angeweza kushinda. Miaka baadaye Kasparov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akiwa mwanafunzi mdogo katika shule ya Botvinnik, alionyesha njia ya sare hata dhidi ya dai hilo. Ubishi wa aina hii ndio unaokomaza mchezaji.

Basi pangeni ubao hivi, kama ulivyokuwa kabla tu ngome haijamla askari wa h7. Weupe: mfalme g3, ngome f7, askari a4, f2, h3. Weusi: mfalme g5, ngome a5, askari a7, b6, g6, h7. Zamu ni ya weupe. Chezeni na mwenzenu, kisha mbadilishane pande, na kompyuta ibaki imezimwa mpaka kila mmoja awe ameandika kwenye daftari kwa nini alicheza alivyocheza.