Wapangaji wasionane: kufunga njia kati ya kompyuta kwenye mtandao mkubwa

Chukua hosteli ya ghorofa nne, vyumba 80, wapangaji wote wako kwenye subneti moja (kundi moja la anwani za mtandao), 10.20.0.0/22. Fundi anaandika kanuni kwenye faiwoli ya ruta, kisha anashangaa mpangaji wa chumba cha 12 bado anafungua mafaili ya chumba cha 40. Ruta haihusiki hapo. Kompyuta mbili za subneti moja hutafutana kwa ARP (kuuliza mtandao mzima nani ana anwani fulani), swichi inazikutanisha, na ruta haioni pakiti hata moja. Mwaka 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa hivyo hivyo kwenye mitandao ya ndani, kwa poti 445 (namba ya huduma ya kushirikiana mafaili, si tundu la swichi), kompyuta moja ikiambukiza jirani yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye swichi. Kwenye Cisco Catalyst, ingia kwenye kila poti (tundu la kebo) ya mpangaji uandike:

switchport protected

Poti mbili zenye amri hiyo hazipeani chochote. Kwenye MikroTik, kama swichi chipu yako inakubali:

/interface ethernet switch port-isolation set ether2 forwarding-override=ether1

Maana yake, kinachoingia ether2 kitokee ether1 tu, poti inayoelekea kwenye ruta. Wengine hutumia horizon ya briji (briji huunganisha poti kwa programu, na poti zenye namba moja ya horizon hazipeani). Inafanya kazi, lakini inazima kasi ya chipu na mzigo wote unaangukia CPU. Kwenye ruta ndogo utaijutia saa mbili usiku, watu wote wakiwa wanaangalia video.

Sasa pale wengi wanapokwama: ulinzi huu unaishia ndani ya swichi moja. Fremu (kifurushi cha data) ya ghorofa ya kwanza inatoka kwa kebo inayoelekea kwenye ruta, inafika swichi ya chini inayounganisha ghorofa zote, kisha inapelekwa ghorofa ya tatu. Huko inaingilia kwenye poti isiyofungwa, na poti isiyofungwa inaruhusiwa kupeleka popote. Dawa ni kuacha wazi poti moja tu kwa kila swichi, ile inayoelekea kwenye ruta. Kama swichi nne za ghorofa zimechomekwa poti 1 hadi 4 za swichi ya chini, hizo nne nazo zifunge, ubakishe ya ruta. Swichi zikiwa zimefuatana kama mnyororo, kebo inayoshuka kwa swichi inayofuata ni ya kufungwa pia. Ukishakuwa na swichi nyingi zenye VLAN kadhaa (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi zilezile), hamia private VLAN, inayotenga wapangaji ndani ya VLAN moja. Hiyo inavuka swichi kwa swichi bila kukuchanganya.

Wi-Fi ina tundu lake. Washa utengaji wa wateja kwenye AP yenyewe, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi (kwenye hostapd, programu ya AP za Linux, ni ap_isolate=1), na poti ambayo AP imechomekwa uifunge kama ya mpangaji. Ukiwasha utengaji bila kufunga poti, simu za AP mbili tofauti zitaonana; ukifunga poti tu, za AP moja zitaonana.

Seva ya DHCP (inayogawa anwani) ikiwa kwenye poti iliyofungwa, wapangaji wanaanza kupata anwani za 169.254, ambazo kompyuta hujipa yenyewe isipojibiwa. Printa ya pamoja nayo itapotea. Ihamishie VLAN nyingine, ruta ndiyo iruhusu. Na mpangaji akinunua kiswichi cha bei ya chee chumbani, waliochomeka hapo wataonana tu. Hilo huliwezi.

Ukimaliza upande wa swichi, rudi kwenye ruta. Mjanja anaweza kuituma pakiti ya jirani kupitia ruta yenyewe, nayo ikairudisha ilikotoka:

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=bridge1 out-interface=bridge1 action=drop

Hapo bridge1 ndiyo upande wa wapangaji. Kanuni hiyo iweke juu ya kanuni za kuruhusu. Kama unatoa IPv6, andika na ya kwake. Local-proxy-arp (ruta kujibu ARP kwa niaba ya majirani) iwe imezimwa, na masquerade (ruta kuweka anwani yake badala ya ya mtumaji) iwe na out-interface ya intaneti. Ikiachwa bila hiyo, majibu yatarudi vizuri kabisa kupitia ruta.

Usijaribu kwa ping peke yake, kwa sababu faiwoli ya Windows huikataa hata njia ikiwa wazi. Piga ping, kisha andika arp -a. MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya jirani ikitokea, hujafunga. Rudia kwa chumba cha swichi ileile, ghorofa tofauti, na Wi-Fi kwa kebo. Mwisho, kwenye laptopu ya Linux, ilazimishe kupitia ruta (hapa 10.20.0.1) ili kumfikia jirani (10.20.1.57):

ip route add 10.20.1.57 via 10.20.0.1

Piga ping 10.20.1.57 ukiwa unaangalia ruta: hesabu ya pakiti kwenye ile kanuni ya drop inatakiwa kupanda.