Mboga Zisizopimwa na Toroli Isiyo na Mwenyewe

SWALI: Mara nyingi nikifika kwa keshia naambiwa nirudi nikapime nyanya, na walio nyuma yangu wanaanza kuguna. Kwani keshia hawezi kuzipima palepale? – Mama Neema, Thika

JIBU: Pole, Mama Neema. Katika supamaketi nyingi za Kenya mizani iko kule kwenye mboga, si kwa keshia. Mhudumu hupima, anabonyeza namba ya bidhaa, na mizani inatoa stika yenye uzito, bei na ile mistari myeusi. Mashine ya keshia husoma mistari hiyo tu. Pasipo stika, hana bei.

Kila aina iwe na mfuko wake, maana bei ya kilo ya nyanya si ya vitunguu. Stika ibandikwe mahali palipo sawa, mbali na fundo. Ikikunjika au ikilowa maji ya kuku wa barafu, mashine haisomi, na keshia hulazimika kuandika tarakimu mojamoja. Na tafadhali, kuongeza nyanya mbili baada ya stika kubandikwa ni wizi.

Ukishafika mbele na umesahau, mwambie keshia aiweke kando hesabu yako amhudumie anayefuata. Mashine nyingi zinaruhusu hivyo.

Ukipanga vitu, tanguliza vizito: unga, sukari, mafuta. Mkate na mayai vije mwisho, kwa sababu anayepakia hutia kwenye mfuko kadiri vinavyomfikia. Sabuni itenge na unga, la sivyo ugali utanukia sabuni. Kiondo chako kiwe tayari mkononi.

Kama unalipa kwa M-Pesa, taja kadi ya pointi kabla ya jumla kufungwa, kisha soma jina la duka kabla ya kuthibitisha malipo. Malipo yakichelewa kuonekana kwa keshia, angalia ujumbe wako kwanza. Usitume mara ya pili.

SWALI: Mtu akiacha toroli kwenye foleni akaenda kutafuta maziwa, nafasi bado ni yake? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni yake akifuata kitu kimoja, amemwomba aliye nyuma, na amerudi kabla zamu yake haijafika. Zamu ikifika hayupo, mpite bila kinyongo. Toroli tupu haishiki nafasi hata kidogo.

Ukitaka kumpisha mjamzito au mzee, waulize na walio nyuma yako. Dakika unazotoa ni zao pia.